Fidia ya Mwanamke Asiyelia

Nyinyi mlioniacha wiki iliyopita nikicheza kwenye ngazi za mahakama, zamu yenu ya kunicheka imefika. Sogezeni viti.

Na wewe uliyeazima gazeti kwa jirani na hujui tulikotoka, nakupa kwa ufupi. Mimi ni mpiga pasi. Nimepiga pasi kwenye hoteli kubwa tangu mwili wangu ukiwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Siku moja koti la mgeni mheshimiwa likaungua mgongoni, nikafukuzwa kwa kosa la mtu mwingine. Mtu huyo ni mkuu wetu wa idara, ambaye sisi tulimwita Bwana Wanga kwa sababu ya wanga uliokuwa ukijazwa kwenye kola zake. Akiinama yeye, kola inabaki imesimama.

Nikaishitaki hoteli. Kesi ikaenda, ikarudi, ikalala, ikaamka, mpaka wiki iliyopita hoteli ikachoka yenyewe ikasema tuyamalize kwa maridhiano.

Tukayamaliza. Ila kabla ya kupeana mikono nilisimama nikatoa ile hotuba yangu, mnaikumbuka. "Sitaki pesa ya pole. Mimi sijaumia. Andikeni kwamba huu ni mshahara wangu, jasho langu, wote mpaka senti ya mwisho." Mume wangu, nyuma kabisa mlangoni, akapiga makofi. Hata karani wa mahakama akapiga makofi.

Wakili wangu peke yake ndiye aliyekohoa.

Nilipaswa kukisikiliza kile kikohozi. Wakili wangu ni binti mdogo mwenye akili nyingi, na ana tabia moja: habari mbaya haimtoki mdomoni mpaka aikohoe kwanza. Ndiyo maana nyumbani tunamwita Kikohozi. Akikohoa mara moja, umekosa kitu kidogo. Akikohoa mara mbili, keti.

Alhamisi asubuhi akaniita ofisini kwake, juu ya duka la viatu. Nikapanda ngazi naimba. Nikakaa. Akafungua faili, akalifunga, akakohoa mara tatu.

"Sema tu," nikamwambia. "Hoteli imefilisika?"

"Hoteli haina neno. Watalipa. Tatizo ni kodi ya mapato."

"Kodi gani tena? Si nimeshinda?"

"Umeshinda, dada. Lakini umeshinda mshahara. Na mshahara ni mshahara hata ukija kwa mlango wa mahakama. Lazima ukatwe kodi."

"Wakate. Nimekatwa maisha yangu yote, sijafa."

Akanitazama kama daktari anayetafuta mshipa. "Ungelipwa mwezi kwa mwezi, ungekatwa kidogo kidogo. Sasa mishahara ya muda wote wa kesi inakuja kwa mpigo, ndani ya mwezi mmoja. Hesabu ya kodi inakuona kama mtu anayelipwa hivyo kila mwezi. Kwa mwezi huu, wewe ni tajiri."

"Mimi?"

"Kwa mwezi huu mmoja tu. Na tajiri anakatwa kitajiri."

Nikacheka. Nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, na serikali inaniona tajiri.

"Kuna jingine," akasema Kikohozi, akakohoa. "Wanakata kwenye fungu zima, pamoja na ile sehemu ambayo ni ada yangu."

"Kwa hiyo nalipa kodi ya pesa yako?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Na mimi nikiipokea nalipa tena ya kwangu."

"Basi hawa watu wa kodi wangekuwa wapiga pasi, shati moja wangelipiga mara mbili na kulichana."

Hapo akaacha kunionea huruma, akaanza kunieleza kama mtu mzima. Pesa ya mshahara inakatwa. Lakini pesa anayopewa mtu kwa sababu aliumizwa, akadhalilishwa, akakosa usingizi, hiyo kwa sheria yetu haikatwi, maana si pato, ni dawa ya kidonda. Watu wenye kesi kama yangu huandikiwa mafungu mawili: hili malimbikizo ya mshahara, hili fidia ya maumivu. Na ndivyo yeye alivyotaka kuandika wiki iliyopita, kabla sijasimama na kuhutubia.

"Nani aliandika kila kitu mshahara?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Uliandikisha wewe, dada. Kwa sauti."

Mdomo wangu, jamani. Siku nikifa uzikwe kando.

"Basi tubadilishe," nikasema.

"Tunaweza. Mkataba unasajiliwa kesho saa sita mchana. Ukishasajiliwa haubadiliki. Kabla ya hapo pande mbili zinaweza kukubaliana upya. Lakini siandiki uongo, na watu wa kodi si wajinga. Watauliza, huyu aliumia vipi, nani alimwona?" Akashika kalamu. "Uliumia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Wakili, mimi ni mpiga pasi."

Ikabidi nimweleze, na nyinyi mnaojua kupiga pasi shati moja tu la Jumapili nisikilizeni vilevile. Kwenye chumba cha pasi tuna desturi moja. Ukiungua, husemi. Unanyamaza, unageuza shati, unaendelea na mkono wa pili. Ukisema "aa" tu, hata kwa sauti ya chini, wenzako wanakuhamishia meza ya kukunja soksi, na huko utakaa mpaka wakusahau. Mimi sijawahi kukunja soksi ya mtu. Ndiyo maana siku ile nilipofukuzwa nilitoka nacheka, na wiki iliyopita nilipoulizwa nikasema sijaumia. Ulimi ulijibu wenyewe kwa mazoea.

"Sawa," akasema Kikohozi. "Basi kesho tunasajili kama ulivyo, na utakatwa kama tajiri."

Sasa ngoja niwaambie kukatwa kama tajiri maana yake nini nyumbani kwetu.

Mwisho wa mtaa wetu kuna chumba. Kina maji ya bomba, kina tundu la kutolea maji sakafuni, kina dirisha la kutosha kupitisha mvuke. Chumba hicho Mungu alimwambia fundi akijenge kwa ajili ya dobi. Mwenye chumba amekiweka kwa ajili yangu mpaka kesho hiyohiyo, Ijumaa, na baada ya hapo kuna muuza vipuri anakitaka. Nikikatwa kidogo, napata chumba na mashine ya kufulia. Nikikatwa kitajiri, nalipa pango tu, na dobi asiye na mashine ni mtu aliyekodi unyevunyevu.

Na kwa sasa kazi yangu ya udobi iko sebuleni. Kamba imepita ukuta hadi ukuta, mashati ya majirani yananing'inia, na chini ya mashati, kwenye kochi, ndipo analala mama mkwe wangu. Asubuhi akiamka anaagana na mikono ya watu kumi.

Nilipoingia akasogeza shati moja kama pazia akanitazama.

"Sura hiyo," akasema, "ni ya mtu aliyelipia kiti cha mbele akakuta nguzo."

Mama mkwe wangu alikuwa mkatisha tiketi wa jumba la sinema tangu ujana wake hadi jumba likafungwa. Kila jambo la dunia hii yeye analipima kwa viti.

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akikunja pindo la shati lisilo lake. Nilipofika pale pa "nani alimwona", akasema, "Msubiri mumeo."

Mume wangu ni fundi wa boila katika hoteli ileile iliyonifukuza, na kila mtu, hata mama yake, humwita Boila. Ndiye anayewasha moto wa mvuke wa kufulia. Miezi yote ya kesi aliendelea kwenda kazini kwa Bwana Wanga, anamsalimia, anarudi anakula chakula na mke aliyefukuzwa na Bwana Wanga. Mwenye moyo mwepesi asingeweza.

Jioni ile alichelewa. Alisema kuna mambo ya kazini. Alikaa, akala, na mimi nikaona huu ndio wakati.

"Mume wangu, ulishawahi kuniona nalia?"

"Lini?"

"Tangu nifukuzwe."

Akacheka mpaka akaweka kijiko. "Wewe? Kazini nimewaambia, mke wangu akikata kitunguu, kitunguu ndicho kinacholia."

"Hebu kumbuka vizuri."

"Nikumbuke nini ambacho hakikuwepo? Wewe ni chuma. Hata kesho nikiulizwa mbele ya hakimu nitasema, huyu ni chuma."

Shahidi wangu huyo. Nikapiga hesabu ya mashine ya kufulia ikiondoka.

"Mwongo," akasema mama mkwe kutoka nyuma ya mashati.

Boila akageuka. "Mimi, mama?"

"Wewe ni kipofu tu. Mwongo ni huyu mkeo."

Nikasikia masikio yananichoma.

"Mimi nimekaa kwenye giza la sinema na watu miaka yangu yote," akasema. "Anayelia waziwazi simsumbukii, huyo anafurahia picha. Namjua anayekohoa, anayetafuta kitu chini ya kiti, anayekwenda chooni kila wimbo wa huzuni ukianza. Huyu mkeo, tangu afukuzwe, kila jioni alikuwa anaingia bafuni, anafungua bomba mpaka mwisho, anakaa humo mpaka maji ya nyumba nzima yanakwisha. Akitoka anasema alikuwa anaoga. Na nywele zake kavu."

Nilidhani bomba lile lina kelele kuliko mimi.

Haya, wasomaji, hayo ndiyo niliyowaficha na nyinyi pia. Sehemu zote zilizopita mmekuwa mkiniandikia kwamba mnapenda nilivyo jasiri. Nililia. Nililia bafuni nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na taulo mdomoni.

Boila alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakuwahi kukifungua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda kumpiga Bwana Wanga."

"Ningempiga."

"Unaona. Na tungekuwa wawili bila kazi."

Alifungua kinywa kana kwamba ana la kusema. Akakifunga. Akanyanyuka, akachukua taulo, akaenda kuoga.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," mama mkwe akaniambia polepole. "Kesho nitakwenda na wewe. Nitavaa viatu vyangu vya kazini."

Bafuni maji yalimwagika, yakamwagika. Nikagonga mlango. "Baba, maji yanalipiwa hayo." Alipotoka alipita bila kunitazama, akaniomba nimpigie pasi shati lake jeupe, la kesho.

"Na uweke wanga," akasema. "Kwenye kola."

"Wewe? Wanga?"

"Si ni mahakamani. Nitakuja nikitokea kazini."

Nikampigia. Nilikuwa na furaha kiasi, kusema kweli, maana nilijua namvalisha mume wangu aje kukaa upande wangu. Kola ile niliisimamisha vizuri sana.

Ijumaa tukafika mapema. Chumba cha maridhiano kina meza ndefu, jagi la maji, na viti pande mbili. Upande huu mimi, Kikohozi na mama mkwe katika viatu vyake vyeusi vinavyolia kila hatua. Upande ule wakili wa hoteli, kijana anayetazama saa yake kila mara. Katikati, kwenye kichwa cha meza, msuluhishi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba.

Na kwenye kona ya upande wa hoteli, Bwana Wanga.

Sikumtambua mara moja. Hakuwa na tai. Kola yake ilikuwa imelala mabegani kama sikio la mbuzi. Nikajisemea, leo nani kampigia pasi huyu?

Wakili wa hoteli akaanza. Hoteli haina pingamizi. Fungu ni lilelile, ligawanywe lisigawanywe, kwao ni sawa. Ila mtu anayeandikiwa fidia ya maumivu lazima maumivu yaelezwe, na maelezo hayo husainiwa na mkuu wa idara kwa niaba ya hoteli.

Msuluhishi akavaa miwani akanitazama. "Wiki iliyopita ulisema hukuumia. Nilikuwepo. Nusura nami nipige makofi. Leo unasema uliumia. Nishike lipi?"

Kikohozi akasema tuna shahidi. Viatu vikalia.

"Wewe ni nani wake?"

"Mama mkwe."

"Mama mkwe umekuja kumtetea mke wa mwanao?"

"Ndiyo maana uniamini," akasema.

Msuluhishi akainamisha kichwa kuficha mdomo. Mama mkwe akaeleza habari ya bomba, taulo na nywele kavu, kwa utaratibu kama anaonyesha watu viti vyao. Wakili wa hoteli aliacha kutazama saa. Bwana Wanga alitazama meza.

"Ulimwona akilia, kwa macho yako?"

"Sikumwona. Mlango ulifungwa. Lakini mheshimiwa, mtu ataogaje kila siku bila kuimba, bila kupiga chafya, bila hata kuangusha sabuni?"

"Nimekuelewa," akasema msuluhishi. Akanigeukia. "Lakini nataka nisikie kwako. Mama huyu hawezi kuumia kwa niaba yako. Uliumia?"

Nikasema moyoni, sema ndiyo, ni neno fupi, chumba kile pale na dirisha lake. Mdomo wangu, ambao wiki iliyopita ulikuwa na hotuba nzima, ukakauka.

"Kuna kitambaa," nikasema.

"Kitambaa gani?"

"Koti la sufu hulipigi pasi hivihivi. Unaweka kitambaa chenye maji katikati, kati ya pasi na koti. Kila mpiga pasi ana chake. Changu kilikuwa kipande cha shuka la marehemu mama yangu. Nimepigia pasi makoti ya wakubwa wote juu ya shuka la mama yangu, na hakuna hata moja lililoungua." Nikamwonyesha Bwana Wanga kwa kidevu. "Siku ile alikishika kwa vidole viwili mbele ya wenzangu, akasema ndiyo maana makoti yanaungua, angalieni tambara lenyewe. Akakitupa kwenye ndoo ya takataka. Wenzangu wakanitazama waone kama nitasema kitu. Nikacheka. Nikatoka nacheka. Sikurudi kukiokota, kwa sababu ningeinama ningelia. Kufukuzwa nilishakuzoea kabla ya mwezi kwisha. Kile kitambaa bado kinaniuma."

Na hapo, mbele ya upande nilioushitaki, mbele ya jagi la maji, nikalia. Bila bomba. Kikohozi akanisogezea karatasi za kufutia machozi kutoka kwenye mkoba wake, maana msichana huyo huja na kila kitu.

Hakuna aliyenipeleka kukunja soksi.

"Nilidhani ni tambara," akasema Bwana Wanga. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni tambara," nikamjibu. "Ni tambara la mama yangu."

"Basi nilimuumiza." Alimgeukia msuluhishi. "Andika, mama. Nilimuumiza, na koti nililiunguza mimi. Nasema kweli."

Moyo wangu ulipiga makofi. Kikohozi tayari alikuwa amemsogezea kalamu na mkataba mpya. Nikaona mashine yangu ya kufulia ikizunguka pale katikati ya meza.

Bwana Wanga hakuishika kalamu.

"Ningesaini," akasema, "ila sina mamlaka. Wamenifukuza jana mchana. Wamesema kesi yako imewagharimu. Nimekuja kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye wito na hakuna aliyeniambia nisije." Akamwinamia Kikohozi, akamnong'oneza, na sote tulimsikia. "Binti, wewe unachukua kesi mpya?"

Kikohozi akakohoa.

"Tulieni," akasema wakili wa hoteli. "Idara haijakaa bila mkuu. Kaimu amepewa nafasi jana hiyohiyo, ana mamlaka kamili ya kusaini. Yuko njiani. Mimi mwenyewe sijaonana naye."

Msuluhishi akatazama ukutani. Saa sita ilikuwa inakaribia, na karani wa usajili alikuwa ameshasimama mlangoni na muhuri wake. Nikaomba kimoyomoyo kaimu awe mtu mwema. Nikaomba awe na mke, aelewe mambo ya watu.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia mwanamume katika shati jeupe, kola imesimama wima. Niliijua kola ile kabla ya kumjua mwenyewe. Niliisimamisha kwa mikono yangu.

Najua kuna msomaji anayetaka kuniambia kikulacho ki nguoni mwako. Nyamaza kwanza, niko kwenye shida.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema Boila. "Mimi ndiye kaimu mkuu wa idara."

"Karibu," akasema wakili wa hoteli kwa furaha. "Keti huku kwetu. Saini hapa tu, kwamba hoteli inakiri huyu mama aliumizwa."

Msuluhishi alikuwa ananitazama mimi. Halafu akamtazama Boila, halafu mama mkwe, ambaye pua yake na ya mwanawe zimetoka kiwanda kimoja.

"Bwana, huyu mama ni nani kwako?"

"Mke wangu."

Wakili wa hoteli akakaa chini polepole.

"Basi nisikilizeni wote," akasema msuluhishi, akavua miwani. "Mume anasaini kwa niaba ya hoteli kwamba hoteli ilimuumiza mkewe, ili mkewe asikatwe kodi. Watu wa kodi wakiisoma hiyo watasema nini? Wataifuta, na pesa yote wataiita mshahara. Na huenda wakaiita jina jingine baya zaidi."

Nikamgeukia Kikohozi nisikie kikohozi. Hakukohoa. Ni mara ya kwanza tangu nimjue, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Hoteli inaye mtu mwingine wa kusaini?" msuluhishi akauliza.

"Hakuna mpaka Jumatatu," akasema wakili wa hoteli. "Na akikikataa cheo hiki leo, sidhani kama atarudi kwenye boila. Pale ameshawekwa mtu."

Kwa hiyo mnaona tulivyosimama. Akisaini kama mkuu, saini yake inatutia mashaka. Akikataa kuwa mkuu, hakuna wa kusaini, saa sita inapita, mkataba wa hotuba yangu unapigwa muhuri, chumba kinakwenda kwa muuza vipuri, na yeye anarudi nyumbani bila kazi. Huku kuna kiti cha hoteli. Huku kuna kiti kitupu karibu na mimi. Boila katikati, kalamu mkononi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu jana, kabla sijarudi nyumbani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza nisichukue kiti cha mtu aliyekufukuza."

"Ningekukataza."

"Unaona," akasema mume wangu.

Nilitaka kumkasirikia. Nilijaribu. Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, ameyapiga pasi akanirudishia.

Karani akaangalia muhuri wake. Msuluhishi akasema, "Bwana, siwezi kukuchagulia. Lakini kaa. Upande wowote, ila kaa."

Viatu vya mama mkwe vikalia. Alikuwa amesimama.

"Mwacheni avute pumzi kwanza," akasema. "Jana huyu mwanangu alikaa bafuni, bomba limefunguliwa, mpaka mkewe akamgongea mlango. Alipopita pale kwenye kochi, nikanyoosha mkono nikamgusa kichwa." Akatutazama mmoja mmoja, mimi akanimalizia. "Nywele zake zilikuwa kavu."

Boila akaweka kalamu mezani, akavuta kiti. Cha upande gani, nitawaambia wiki ijayo.